Mabwana Wawili wa Redio ya Bweyeye

Asubuhi moja niliamka kwa shangazi yangu, kijijini Mururu, nikanywa uji, nikavaa viatu na kuondoka. Sikuwa nimegombana na mtu. Sikuwa na mwaliko wala barua ya kazi. Nilikuwa nimerudi Rwanda pamoja na wengine waliozaliwa Kongo kama mimi, nchi ilikuwa bado inazika watu wake, na ng'ambo ya mto vita vilikuwa vimeanza upya. Kila aliyenikuta nimekaa aliniuliza mpango wangu ni upi. Nikaona heri nitembee, maana mtu anayetembea huonekana ana mpango. Vijana, huo ndio ushauri wa kwanza wa kazi ninaowapa, na ni mmoja kati ya michache ambayo haijawahi kuniangusha.

Ninyi mmesomea mambo haya ya programu za kompyuta darasani, chini ya feni. Mmeonyeshwa michoro mizuri: huku kisanduku kimeandikwa kiunzi huru, kule kisanduku kimeandikwa maktaba ya mtengenezaji, na katikati mshale mmoja ulionyooka. Hongereni. Mimi niliwahi kuishi ndani ya ule mshale, na ninawaambia haukunyooka.

Siku ile miguu ilinifikisha Kamembe, mbele ya duka la Mzee Ramadhani, fundi wa redio karibu na msikiti. Alikuwa amefungua redio-kaseti ya mtu, ametandaza matumbo yake juu ya gazeti. Nikasimama.

"Unataka nini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Naangalia tu, Mzee."

"Kuangalia ni bure. Kugusa ndiyo kazi."

Nikagusa. Alinipiga kofi mkononi, kisha akaniambia nishike taa. Nilikaa kwake muda mrefu kuliko nilivyokaa shule ya sekondari kule Bukavu, ambayo niliiacha mapema kwa sababu mwalimu wa jiografia alikasirika nilipomuuliza ramani yake ilichorwa na nani. Mzee Ramadhani hakukasirika kwa maswali. Alikasirika kwa bisibisi iliyorudishwa mahali pasipo pake. Neno lake kubwa lilikuwa hili: kabla hujafungua chombo, jiulize chenyewe kinajiona nani. "Kila chombo kinajiona sultani," alisema. "Ukivifunga visultani viwili kwa waya mmoja, usishangae moshi."

Nilidhani anazungumzia spika.

Siku moja likaja gari jeupe la shirika la misaada, ambalo jina lake halitawasaidia kitu. Walikuwa na redio mpya za masafa marefu na hakuna aliyejua kuzifunga. Mzee Ramadhani aliangalia gari, akaangalia mlima, akaangalia goti lake. "Mchukueni huyu," akasema. "Anauliza sana, lakini hunawa mikono." Hiyo ndiyo ilikuwa diploma yangu.

Ofisini nilimkuta Ingénieur Déo, mhandisi Mnyarwanda aliyekulia Uvira na kusomea Kinshasa, mtu mrefu mwenye sauti ya padri na ulimi wa kondakta. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika programu. Alinipa kiti kando yake, akasema, "Bon. Mashine iko mujinga. Weye pia. Mutasikilizana."

Sasa sikilizeni shida yenyewe, maana bila hiyo mtadhani tulikuwa tunacheza.

Kule Bweyeye, ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, shirika lilikuwa na kituo kidogo cha afya: vitanda vichache, muuguzi mmoja anayeitwa Maman Vestine, na barabara ambayo mvua ilikuwa inaila kila mwaka bila kushiba. Vestine alikuwa na redio ya sauti. Lakini msituni walikuwa wakipita watu wenye bunduki, nao walikuwa na masikio. Kwa hiyo ilikatazwa kutaja kwa sauti gari, siku, au njia. Jaribuni kumwambia muuguzi lini dawa zinafika bila kutaja gari, siku wala njia. Ni mchezo mzuri kama huna mgonjwa.

Mkurugenzi wetu akapata jawabu: barua za maandishi zipite juu ya redio, zikiwa zimefungwa kwa siri. Alinunua redio zenye modemu, na ndani ya boksi kulikuwa na zawadi, disketi za maktaba ya mtengenezaji. Msidhani ni vitabu. Ni fungu la kazi zilizokwisha kuandikwa na kiwanda: unaiita, unaiambia "tuma", nayo inajua jinsi ya kuiamsha redio na kuipa maneno. Programu kamili ya barua, hiyo kiwanda kiliiuza kando, na bajeti ilikuwa imekwisha kwenye magari. Kwa hiyo Déo akachukua kiunzi huru cha barua, kazi ya watu wa kujitolea waliotapakaa duniani, wasiojuana kwa sura. Kiunzi ni kama nyumba iliyosimamishwa nguzo na paa. Wewe unaweka milango na madirisha. Hiki kilijua kupanga barua, kuzifunga kwa siri na kuzitunza. Kitu kimoja tu hakikukijua: redio yetu.

"Eh bien," Déo akasema, "tuviunganishe. Kazi ya siku mbili."

Mkisikia fundi anasema kazi ya siku mbili, mtafutieni chakula cha mwezi.

Mkurugenzi naye alisema la kwake, tena mbele yetu sote. Makao makuu yamechoka na Bweyeye. Kituo kisichoweza kupokea habari kwa usalama hakiwezi kupelekewa dawa, na kisichopelekewa dawa ni nyumba tu. Msafara ujao utapanda, akasema. Ama utampelekea Maman Vestine dawa, ama utakwenda kupakia vitanda vyake na kumleta mjini. Watu wa Bweyeye watembee kwenda kituo kingine. Kituo kingine kilikuwa mbali kiasi kwamba aliyeweza kukifikia kwa miguu hakuwa mgonjwa.

Tukaanza. Kwanza tuliiweka maktaba ndani ya kiunzi, kama kila mtu anavyofanya, kwa sababu ndivyo mshale unavyoonyesha. Kiunzi kikaita, "tuma". Maktaba ikasema "ngoja", ikashika redio na kutulia kusubiri jibu. Ilisubiri kwa uvumilivu wa mtakatifu, na wakati inasubiri, hakuna kingine kilichoruhusiwa kupumua. Saa ya kwenye kioo cha kompyuta ilisimama. Kipanya kilisimama. Déo naye alisimama.

Tukageuza: kiunzi ndani ya maktaba. Hapo kila kimoja kilitaka kuwa ndicho kinachoamka kwanza, kinachoamua zamu, kinachofunga mlango mwishoni. Kompyuta ilizimika kwa mlio ambao sijausikia tena, na siutamani.

"Vile Mzee Ramadhani alisemaka," nikamwambia Déo. "Masultani wawili."

"Mzee Ramadhani alikupatia pia dawa yake?"

"Hapana. Alisema usishangae moshi."

"Basi njo nimekataa kushangaa."

Tuliwaandikia wenye vitu wenyewe, kiwanda na watu wa kiunzi, kupitia simu ya setilaiti ya ofisi. Kiwanda kilijibu baada ya muda wa kutosha mtu kuoa. Kilitushukuru kwa kuchagua bidhaa zake, kikasema mpangilio wetu hautambuliki, kikashauri tuzime na kuwasha. Watu wa kiunzi walijibu kesho yake, kwa upole wa ajabu, wakasema kosa ni la maktaba ya kiwanda, na kwamba tukitaka kujua zaidi, msimbo wote, yaani maandishi ya programu yao, uko wazi, tuusome. Msimbo wenyewe ulikuwa mrefu kama maombi ya Ijumaa Kuu. Kwa hiyo mmoja alitunyima ukweli kwa kuuficha, mwingine kwa kutupa wote kwa mpigo. Mtakutana nao wote wawili katika maisha yenu ya kazi. Wa pili mpendeni, ila msimtegemee siku ya mvua.

Lakini tuliusoma. Nawaambia hili bila mzaha, mara moja tu: someni. Mimi niliyeacha shule nilisoma kurasa zile na Déo kama watu wanaosoma wosia, yeye akitafsiri Kiingereza, mimi nikiuliza "kwa nini" mpaka anatupa kalamu. Tukaelewa kwamba hawa wawili hawatakaa chumba kimoja. Tukawatenganisha. Kiunzi kikawa programu yake, maktaba tukaijengea kibanda chake, programu ndogo ya pembeni isiyojua lolote ila redio. Katikati tukaweka folda moja, kama ua kati ya nyumba mbili. Kiunzi kinaweka barua uani, kibanda kinaichukua na kuituma. Hakuna anayeingia kwa mwenzake.

Ikafanya kazi. Tulimtumia Vestine salamu, akajibu salamu. Nilikuwa nimeshampelekea mashine yake, programu hiyo ikiwa ndani, kwa gari dogo la ofisi, nikaishia pale magari yanapoishia, wabebaji wakaipandisha. Mkurugenzi alitupongeza, akatununulia soda. Soda ile ilikuwa tamu sana. Siku hizi ninaogopa soda.

Siku chache baadaye Vestine aliandika kwamba ana mama mwenye mimba, mtoto amekaa vibaya, anahitaji kushushwa. Mkurugenzi akajibu kwa barua: gari litafika kesho asubuhi mahali pa kawaida kama mvua itakatika; isipokatika, msishuke. Déo akaituma. Kioo kikaandika: imefaulu.

Mvua haikukatika. Gari halikwenda. Jioni redio ya sauti ikafunguka, na ofisi nzima ikamsikia Maman Vestine.

"Kamembe, Kamembe, hapa Bweyeye. Sitasema gari, juu mulikataza kusema gari. Ile kintu yenye magurudumu ine, yenye mulisema itakuya, iko wapi? Over."

Déo akashika kipaza sauti. "Bweyeye, tuliandika musishuke mvua ikinyesha. Over."

"Muliandika wapi? Kwa ukuta ya kwenu? Mimi niko na barua hapa. Inasema itakuya kesho asubuhi, pwenti, imeisha. Nimeshusha mama wa batu na ngobyi, siku muzima tuko chini ya mvua, batu banabadilishana mabega mpaka mabega ikaisha. Mama amezalia ndani ya kibanda ya muuza chumvi. Over."

Kisha Déo, kwa sauti ya padri bila ule ulimi: "Na mama? Na mtoto? Over."

"Bako bazima. Mungu hatumiake kompyuta. Over."

Mkurugenzi alitoka mlangoni kwake, akatuangalia, akasema kwamba msafara unaondoka wiki ile ile, na kwamba ameagiza kamba za kufungia vitanda.

Sasa, nini kilitokea? Kiunzi kilikuwa kinaandika barua uani mstari kwa mstari, taratibu, kama karani wa zamani. Kibanda cha maktaba kilikuwa kinachungulia uani kila mara. Kilichungulia, kikaona karatasi, kikainyakua ikiwa na mstari mmoja, kikaondoka nayo. Na ile "imefaulu" ya kiwanda ilikuwa na maana kwamba maneno yametoka kwenye redio. Kama yamefika, kama ni nusu, kama yamemwangukia ng'ombe njiani, hayo hayakuihusu. Vijana, neno "imefaulu" linapoandikwa na mtengenezaji, ulizeni: kwa nani?

Asubuhi tulikaa tunautazama ua wetu ule wa aibu. Déo hakunywa chai yake.

"Faustin, weye ulishabeba ngobyi?"

"Nani huku hajabeba?"

Kwa msiotoka kwetu: ingobyi ni machela ya kusukwa, mgonjwa analazwa ndani, watu wanaibeba mabegani mlima kwa mlima, na wanapokezana wakitembea, bila kuiweka chini. Nilibeba ya kwanza nikiwa na ndevu tatu.

"Unapopokea bega ya mwenzako," Déo akasema, "unafanya nini?"

"Naingiza bega langu chini ya mti wa ngobyi. Nikishaubeba kweli, ninasema ndayifashe, nimeshika. Hapo yeye njo anatoka."

"Na akitoka mbele ya weye kusema?"

"Mgonjwa anaanguka."

"Na weye ukivuta mti mbele ya yeye kukupa?"

"Anaanguka vilevile. Na wabebaji wanakupiga."

Déo alitikisa kichwa polepole. "Mama yangu nilimubeba vile, tukitoka Uvira. Batu wote kwa njia walikuwa banajua hiyo sheria. Na sisi tumeandika programu yenye haijue."

Tukaandika upya, na hili ndilo jambo la maana katika porojo zangu zote, kwa hiyo anayesinzia aamshwe. Barua inayoandikwa ilipewa jina la muda, ambalo kibanda kimekatazwa kuligusa. Ikishakamilika, kiunzi kinaibadilisha jina kwa tendo moja, na tendo hilo halina nusu: ama jina ni la zamani, ama ni jipya. Hapo ndipo kibanda kinaruhusiwa kuingiza bega. Na kiunzi hakiachii: nakala yake kinaishika mpaka mashine ya upande wa pili, ikiwa imeipata barua nzima na kuihesabu herufi, irudishe neno moja. Déo aliliandika neno lenyewe kwa Kinyarwanda. Ndayifashe. Lisiporudi, barua inatumwa tena, hata mara mia, na kioo hakisemi imefaulu. Kinasema: bado iko begani.

Juzi kijana mmoja, fundi wa kweli mwenye mkoba wa ngozi, alinionyesha programu ya simu aliyoiandika kwa kiunzi huru, na ndani yake maktaba ya malipo ya kampuni kubwa. Inaganda, akasema, sijui kwa nini. Nikamuuliza nani ndani humo anajiona bwana. Akanitazama kama mzee aliyepotea njia ya kliniki. Baadaye alinipigia kunishukuru, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe kwamba wazo lilikuwa lake. Sawa tu. Zana hubadilika kila msimu. Masultani ni walewale, wamebadilisha kilemba.

Lakini wakati ule disketi mpya ilikuwa Kamembe na mashine ya pili ilikuwa Bweyeye, na programu ya kule ilikuwa bado ile ya kunyakua. Mtu alipaswa kuipeleka. Nikasema nitakwenda, kwa sababu sikuwahi kufika kileleni, na sijawahi kulijua jibu lingine kwa mahali ambapo sijafika.

Lori la msafara lilipakia dawa, na juu ya dawa, kamba za vitanda. Mkurugenzi hakuficha. Lori lingesimama mahali magari yanapoishia, kwenye kidaraja kilichochukuliwa na maji. Barua ikitoka Bweyeye nzima, na jibu likarudi zima, dereva angeambiwa neno moja kwa redio ya sauti, na wabebaji wangepandisha dawa. La sivyo, wangepanda mikono mitupu na kushuka na vitanda.

Kutoka kwenye lori nilipanda kwa miguu, nimefunga disketi ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, kifuani, chini ya shati. Njia ilikuwa tope lenye maoni yake. Wanajeshi wa doria walinisimamisha, wakauliza nimebeba nini. Nikasema, programu. Wakauliza ni ya chama gani. Nikawaeleza kuhusu maktaba na kiunzi, na kabla sijafika kwenye folda walikuwa wameshaniruhusu.

Bweyeye ilinitokea ghafla kwenye ukungu: bendera, mabati, moshi wa jikoni. Mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Weye njo ile fundi wa barua za nusu?"

"Ni mimi, Maman."

"Sura yako iko muzima. Nilifikiri nayo itafika nusu. Ingia."

Mashine alikuwa ameiweka juu ya meza ya chanjo, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, betri ya gari chini, sahani ya umeme wa jua juu ya bati. Nilinawa mikono. Nikaweka disketi. Akina mama waliokuwa wakisubiri kliniki walisogea na watoto wao, wakasimama nyuma yangu kama watu waliokuja kusikiliza kesi, maana walikuwa wameshazisikia habari za kamba. Vestine akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili, barua ndefu: dawa zipi, ngapi, mama yule anaendeleaje, mtoto anaendeleaje, na mstari wa mwisho, kwa makusudi kabisa, "isipokatika, msishuke."

Kioo kikaandika: bado iko begani.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Redio ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Barua ilijaribiwa upya mbele ya macho yetu, tena, na tena. Bibi mmoja aliuliza kama inauma.

"Ikikataa," Vestine akasema bila kunitazama, "bale batu bako chini na kamba, utawasaidia kubeba?"

Nilikuwa natazama kioo, na kwenye kioo likatokea neno la Déo, peke yake, bila pongezi wala bidhaa za mtu: ndayifashe. Vestine alilisoma kwa sauti, na wale akina mama, ambao hakuna aliyekuwa amewaeleza lolote kuhusu programu, walipiga kofi moja kwa pamoja. Walijua linavyosemwa na linasemwa lini.

Jibu lilikuja muda si mrefu. Vestine aliinama, akalifuata kwa kidole. Dawa zinapanda. Vitanda vinabaki. Mkurugenzi anauliza nani atabaki na mashine huko mpaka barabara itengenezwe.

Alivua miwani, akanitazama viatu, kisha mfuko wangu, ambao ulikuwa mdogo, wa mtu asiyekusudia kukaa popote.

"Iko kitanda moja kwa maternité, kwenye bamama banazalia, karibu ya dirisha," akasema. "Mama akikuya na uchungu, unatoka. Hata kama uko unaota."

Nikauliza kama chumba kina mlango.

"Kina pazia," akasema, akaenda kuwapokea wabebaji.